Ubao ulijaa, Mwalimu bado alikuwa msituni

Saa kumi na moja kasorobo jioni, msumari mmoja hauna kitu.

Mama Vibao amesimama mbele ya ubao wa kijani uliopigiliwa misumari mia moja na ishirini, mstari kwa mstari. Kila msumari mwingine umebeba kibao kidogo cha mbao, ukubwa wa kiberiti, chenye namba nyekundu. Anahesabu kwa kidole. Anahesabu tena. Namba kumi na tisa haipo.

"Kuna mtu ndani," anasema, na sauti si ile aliyokuwa akiwatania nayo watembeaji mchana kutwa.

Hifadhi hii ya miti iko katikati ya jiji. Ukitoka barabara kuu, kwenye maduka ya simu na gereji, unavuka geti moja la chuma na kelele zinakatika. Ndani kuna njia tano za miguu, kila moja na rangi yake iliyopakwa kwenye mashina ya miti, zinazozunguka kwenye mikaratusi na misonobari kwa jumla ya kilomita kumi na nane. Watu huja kupunguza kitambi, wengine kupunguza mawazo, na wapo wanaokuja kuongeza mapenzi.

Kila anayeingia hupewa kibao dirishani, wapenzi wawili hupewa kimoja, na akitoka anakirudisha. Zamani kulikuwa na daftari la majina, lakini watu waliandika walivyojisikia. Siku moja, kwa mujibu wa daftari hilo, waliingia marais wanne na malaika mmoja. Ofisi ikachoka na mizaha, ikaleta vibao. Tangu hapo utaratibu ni mmoja: ubao ukijaa, geti linafungwa. Msumari ukibaki mtupu, mlinzi anaingia kutafuta.

Mama Vibao, mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye amekaa kwenye dirisha hilo kwa miaka kumi na mmoja, anachukua tochi na filimbi. Kamba ya filimbi inamshinda kuvaa shingoni, anaizungusha mkononi. Anamwambia mwandishi wa makala haya, "Twende wote, mwanangu. Peke yangu siwezi tena."

Nje jua bado lipo. Ndani, hatua mia mbili tu kutoka getini, mtu anaona giza limeshaanza kazi yake chini ya miti. Majani makavu yanavunjika nyuma yetu na tukigeuka hakuna kitu. Mwandishi anakiri kwamba aligeuka mara nyingi kuliko ilivyomfaa mtu mzima mwenye kitambulisho cha gazeti.

"Kumi na tisaaa!" anaita Mama Vibao. Majina hayajui, kwa hiyo anawaita watu kwa namba. Anapiga filimbi, anasimama, anasikiliza na mdomo wazi. Kijasho chembamba kinamtoka ingawa kuna ubaridi. "Kumi na tisaaa! Nyumbani sasa!"

Tunashuka Njia ya Kahawia, inayokwenda kijitoni. Kwenye daraja la mbao anasimama kabla ya kulikanyaga, anashika kifua, anamulika chini ya mbao kwanza upande huu, kisha upande wa pili. Hakuna mtu. Anatoa pumzi kama aliyekuwa ameizuia tangu dirishani.

Namba kumi na tisa tunaikuta nyuma ya benchi la mwisho, nayo ni watu wawili. Kijana na mpenzi wake wamekaa chini, mabega yamegusana, hawana habari na dunia.

"Hamkusikia nikiita?" anauliza Mama Vibao.

"Tulisikia, mama," anajibu kijana, akijifuta majani kwenye suruali. "Ila tulidhani kumi na tisa ni wengine."

Siku nyingine, wanasema wanaomfahamu, angewapa maneno ya kuwachekesha mpaka kituo cha basi. Jioni ile hakucheka. Alimshika yule dada mkono, akaubinya, akaugeuza, kama anayehakikisha una nyama na damu. Kisha akasema, "Rudisheni kibao," na machozi yakamtoka mbele ya wageni.

Mwandishi alikwenda kwenye geti lile kwa ajili ya habari njema. Miezi minne iliyopita Mama Vibao alimwokoa mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minne aliyelala usiku kucha kwenye mvua chini ya lile daraja, mguu umevunjika. Ofisi ilimpa cheti. Cheti kimebandikwa dirishani, na picha yake akiwa nacho ilikuwa imeahidiwa ukurasa mzima wa gazeti hili wenye neno "shujaa" kwenye kichwa cha habari.

"Kibandue," alisema tuliporudi kwenye kibanda chake, akionyesha cheti. "Kibandue kwanza ndiyo nikusimulie."

Kibanda ni chumba cha hatua tatu kwa nne. Kuna stuli mbili, jiko dogo la umeme, ndoo, mifagio, koti la mvua, na kwenye rafu, nyuma ya chupa ya chai, kopo la majani ya chai lenye kutu. Alilishusha, akalifungua. Ndani hamkuwa na majani. Kulikuwa na vibao vinane, vyenye namba nyekundu.

Watu hubeba vibao nyumbani. Hawaibi, wanasahau. Kibao kinaingia mfukoni, mtoto anakinyonya, baba anakifanya kishikio cha funguo. "Nusu ya milango ya mji huu inafunguliwa kwa vibao vyangu," alisema, na hapo ndipo alipokaribia kutabasamu. Lakini kila kilichopotea kilikatwa kwenye mshahara wake, nusu siku kwa kimoja. Mwezi mmoja, mwaka juzi, alipoteza mshahara wa siku tano na nusu kwa makosa ya wasahaulifu.

Fundi wa hifadhi, anayetengeneza mabenchi na madaraja, akamwonea huruma. Akachonga vingine kutoka kwenye mbao za maboksi, akavipaka rangi ileile. Namba ikipotea siku tatu, wanatundika pacha wake. Cha zamani kikirudi, pacha anarudi kwenye kopo. Msimamizi akipita anaona ubao umejaa, anaridhika, hakatwi mtu.

"Tulijiona wajanja," alisema. "Hatukujua tunachimba shimo la mtu."

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Kibao arobaini na saba cha asili kilikuwa kimepotea wiki mbili, na pacha wake ndiye aliyekuwa kazini. Saa nane mchana Mwalimu, mteja wa kila Alhamisi, alikuja na fimbo yake na kofia yake, akamsahihisha Mama Vibao Kiswahili kama kawaida yake, akapewa arobaini na saba, akaingia.

Saa tisa, kama alivyokuja kueleza mwenyewe baadaye, alipita dada mmoja, hakuingia hata getini. Alikuwa amekiona kibao kwenye mkoba wake wa zamani, arobaini na saba ile ya asili, akakitumbukiza kwenye kikapu cha kurudishia, akaenda zake. Mama Vibao wakati huo alikuwa akichota maji. Aliporudi akakusanya vya kikapuni, akavitundika kila kimoja kwenye msumari wake, akili yake ikiwa kwenye mawingu yaliyokuwa yakijikusanya.

"Saa kumi na moja nikatazama ubao. Umejaa. Mia na ishirini. Nikafurahi, unajua? Nikasema leo Mungu kaniona, nawahi nyumbani kabla ya mvua." Alilifunika kopo. "Nilifunga geti huku naimba."

Mvua ilinyesha mpaka alfajiri.

Asubuhi, saa kumi na mbili na robo, alikwenda kufagia majani darajani na akaona kofia majini. Mwalimu alikuwa ameegemea nguzo, maji yakimfika kiunoni, midomo imebadilika rangi. Alikuwa hai lakini hasemi. Mama Vibao alimvuta mpaka nchi kavu, akamvua shati lililolowa, akamfunika kwa koti lake, akamkumbatia ili ampe joto. Hayo yote ni kweli. Cheti hakikudanganya hapo.

Ila cheti hakisemi kilichokuwa kwenye ngumi ya Mwalimu.

"Nikaona mkono umefumbwa. Nikaona wekundu wa namba. Fundi wetu nne yake anaifunga juu, ile ya asili iko wazi. Nikajua palepale nimefanya nini. Moyo ukanipasuka, paa! Nikasikia watu wanakuja juu kule." Sauti ilishuka mpaka mwandishi akalazimika kuinama. "Nikamfungua vidole, kimoja kimoja. Vilikuwa vigumu. Yeye alikuwa ananitazama tu. Nikakitia mfukoni."

Walipofika wengine, wakamkuta shujaa.

Mwalimu alikaa hospitali wiki sita. Msimamizi aliandika kwenye taarifa kwamba ubao ulikuwa umejaa, hivyo mzee yule ama aliingia bila kibao ama alikipoteza. Mwalimu akasema hapana, alikuwa na kibao, namba arobaini na saba, alikishika usiku kucha kwa sababu ndicho kitu pekee kilichomhakikishia kwamba watamtafuta. Wanawe wakatazamana. Akasema tena, kuna mtu alimfungua mkono akakichukua. Wanawe wakamwita daktari pembeni.

Tangu hapo ndani ya nyumba ile mzee anasemeshwa polepole, kama mgeni asiyejua lugha. Amenyang'anywa jiko la gesi na funguo za lango. Mwanawe mkubwa amekata kauli: mwisho wa mwezi huu anamhamishia kwake, mji mwingine, akakae chumba cha nyuma chenye msichana wa kumwangalia. Mtu aliyefundisha jiografia miaka thelathini na minane sasa anaandika kwenye kidaftari alichokula asubuhi, ili jioni ajipime kama anakumbuka.

Alhamisi bado anakuja, ila anaishia benchi la getini. Wanawe wamemkataza kuingia. Na Alhamisi iliyopita, akiwa pale benchini, alimuuliza Mama Vibao kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la aibu: "Mama, siku ile, hukunitoa kitu mkononi?"

"Nikamjibu, hapana Mwalimu. Nikamwambia, baridi ilikuzidi, labda uliota." Alijifunika uso kwa kanga. "Akaandika. Mbele yangu akatoa kidaftari akaandika, *niliota*. Mwanangu, tangu siku hiyo silali, silali kabisa."

Binti yake, mshonaji anayeishi naye pamoja na mjukuu, anasema alidhani mama ana presha. "Muuza mkaa akiita barabarani, mama anaitika. Anatoka mpaka nje na ufagio. Tukawa tunamcheka." Sasa hawamcheki. Binti ndiye aliyemuuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: akifukuzwa kazi, watakula nini wote watatu? Anasema mama yake alijibu kwamba hajui, na akaendelea kukunja nguo.

Fundi naye alikuwa na hofu yake. Mwandishi alimkuta akipiga randa ubao wa benchi, akakataa kusimamisha kazi. "Mimi nilichonga tu, ndugu yangu. Geti sikufunga mimi." Baada ya muda akaongeza bila kuulizwa, "Mwambie dada wa dirishani angoje mzee ahame. Akishahama, yamekwisha."

Yangekwisha kweli, na hilo ndilo lililomtisha Mama Vibao kuliko kufukuzwa. Zilibaki siku tisa.

Basi Alhamisi hii alimwomba mwandishi akae kwenye stuli ndani ya kibanda, mlango wazi. "Kaa hapo hapo. Nikiwa peke yangu nitakimbia."

Mwalimu alifika saa nane na dakika tano, mguu mmoja ukiburuta kidogo, shati limepigwa pasi, kofia mpya. Kabla hajakaa alitazama saa, akaandika kwenye kidaftari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo unasema kwa sauti ya chini, umemeza nini?"

"Mwalimu, nina neno."

"Sema, ila lisiwe refu. Mimi siku hizi nasahau mwanzo." Alicheka, lakini macho hayakucheka.

Mama Vibao alijikaza kisabuni, akasogea mpaka mbele ya benchi, akapiga magoti kwenye kokoto. Alitaka kueleza habari ya kopo, ya fundi, ya msumari. Alichofanya ni kutia mkono kwenye mfuko wa koti na kunyoosha kiganja. Kibao kilikuwa pale, rangi yake imefifia kwa maji, nne imefungwa juu.

Mwalimu alikitazama bila kukigusa.

"Hiki nini?" aliuliza, ingawa namba ilikuwa inasomeka.

"Ni chako, Mwalimu. Ulikuwa nacho. Hukuota. Nilikitoa mkononi mwako mimi. Uliponitazama vile, nilikuwa nakichukua."

Mwandishi aliona kofia ikitetemeka. Kisha mzee akachukua kibao, akakisogeza karibu na macho, akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele.

"Kwa hiyo nilikuwa nacho."

"Ulikuwa nacho."

"Arobaini na saba."

"Arobaini na saba, Mwalimu."

Akaanza kulia kwa sauti, kama mtoto, mpaka wasichana wawili waliokuwa wakinyoosha viungo getini wakasimama kutazama. Alilia na kusema, "Nilikuwa nacho, nilikuwa nacho," na kati ya kilio hicho kulikuwa na kitu kinachofanana sana na furaha. Mwandishi hakujua atazame wapi.

Mama Vibao alimsimulia yote, bado yuko magotini: vibao pacha, dada wa mkoba, kikapu, ubao uliojaa, hata ule wimbo aliofungia geti. Hakujipunguzia. Mwalimu alisikiliza kama anayesahihisha mtihani, akimsimamisha hapa na pale kuuliza saa ngapi, nani alikuwepo, mvua ilianza kabla au baada.

Alipomaliza, mzee aliuliza swali moja.

"Mimi nilianza kuita saa kumi. Nilikuwa nakuita wewe, Mama Vibao, Mama Vibao. Ungeingia kidogo tu, mpaka pale njia inapogawanyika, ungenisikia?"

"Ningekusikia."

Mwalimu alitikisa kichwa juu na chini mara kadhaa. Uso wake ulikuwa umekauka sasa, na ulikuwa mkali. Hakusema amesamehe. Hakutukana pia, ingawa Mama Vibao anasema angetukanwa angepata nafuu.

"Wanangu hawataniamini," alisema. "Nikirudi na kibao watasema nimekiokota. Watasema mzee sasa anaokota vitu." Akasimama, akaegemea fimbo. "Utakuja mwenyewe. Jumamosi saa nne asubuhi, wote watakuwepo, wanakuja kufunga vitu vyangu. Utasimama sebuleni kwangu, uwaambie kwa mdomo wako."

"Nitakuja, Mwalimu."

"Usipokuja," alisema mzee, na hapo sauti ikamkatika, "mimi nitabaki kichaa."

Aliondoka bila kuaga, kibao kimo kwenye mfuko wa shati, mkono umekifunika juu.

Ijumaa asubuhi, kabla ya geti kufunguliwa, Mama Vibao alilipeleka kopo lake ofisini na kuliacha juu ya meza ya msimamizi. Msimamizi alihesabu vile vibao, akamtazama, akasema wataonana Jumatatu. Hakuna anayejua Jumatatu hiyo italeta nini, na Mama Vibao anasema kwa sasa haiwezi kumtisha. Hofu yake yote imehamia kwenye sebule asiyoijua, kwa watoto wa mtu aliyemfungia geti, ambao mwezi wa kwanza baada ya ajali walimletea kitenge na kumwita mama yao wa pili.

"Wanaweza kunipiga," anasema, akifagia majani darajani. "Wana haki. Mimi ningepiga. Ila hata wakinipiga, natumaini watanisikia kwanza."

Amejiandalia maneno, machache, ili asijichanganye. Anayarudia huku ufagio ukienda na kurudi: "Baba yenu ana akili timamu. Kibao alikuwa nacho. Aliyekichukua ni…"

Hapo anasimama. Anashika ukingo wa daraja. Mwandishi alimsikia akijaribu mara sita, na mara zote sita alikwama kwenye neno lilelile moja lililobaki.

"Mpaka kesho saa nne nitakuwa nimeliweza," anasema. "Lazima niliweze."

Anainua ufagio, anaanza tena mwanzo. "Baba yenu ana akili timamu…"